Shajara ya mradi: nta ya miombo, jeli ya magoti

Februari

Kabla ya kununua bika hata moja, tumebandika karatasi ukutani. Juu tumeandika tunachokifanya: kutengeneza chembe ndogo mno kwa nta ya nyuki wa Tabora, kuzipakia diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, kuzichanganya kwenye jeli ya kupaka, na kupima kama dawa inapita kwenye ngozi vizuri kuliko jeli ya kawaida. Chini, kwa kalamu nyekundu, tumeandika tusichokifanya: haturudishi gegedu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ile nyekundu.

Nina sababu. Hapa mjini ukisema neno goti, mtu anakujibu "ute umekauka", na nyuma yake yupo muuzaji mwenye unga wa kurudisha ute. Osteoathritisi, ugonjwa wa viungo kuchakaa, haiendi hivyo. Gegedu, ule mpira mweupe unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Seli zake ni chache na chakula chake hupenya kutoka kwenye majimaji ya kiungo, kwa hiyo likichubuka halijiundi upya kama ngozi iliyokatika. Tena haliharibiki peke yake. Mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vijipembe, utando wa ndani ya kiungo huvimba, misuli ya paja hulegea kwa sababu mtu ameacha kulitumia goti linalouma. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu, na goti ndilo linaloongoza, watu milioni 365. Asilimia 60 ni wanawake.

Mwenzetu wa fiziotherapia hashangazwi na hiyo 60. Foleni yake asubuhi ni kina mama watupu: umri umesogea, mwili umeongezeka, miaka mingi ya kuinama shambani na kupiga magoti jikoni. Wengi wanafika kwake baada ya kumeza diklo kwa miezi, wakichukua duka la dawa muhimu pakiti kwa pakiti.

Hapo ndipo mradi ulipozaliwa. Kidonge cha diklofenaki kinazunguka mwili mzima ili sehemu ndogo tu ifike gotini, na njiani kinachokoza tumbo, figo na presha. Jeli ya kupaka ina hesabu nyingine. Ile ya asilimia 1 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, ukiipaka goti moja kwa kipimo chake kamili, dawa inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 ya ile ya vidonge. Kwa mama mwenye presha na vidonda vya tumbo, tofauti hiyo si ndogo.

Machi

Swali la kwanza la wanafunzi lilikuwa la haki: kwa nini tupake wakati sindano inaingia goti lenyewe?

Nimewaeleza kwa njia ya misafara ya pembe za ndovu, maana hapa Tabora ndipo Unyanyembe ya zamani. Karne ya 19 mzigo ulitoka Tabora kwenda Bagamoyo mabegani mwa Wanyamwezi, na tajiri aliyekuwa na pembe nyingi bila wapagazi alikuwa na lundo tu la pembe. Dawa ndogo ikidungwa ndani ya goti ni mzigo usio na mpagazi. Mishipa midogo ya damu na ya limfu huisomba, na baada ya saa chache kiasi kikubwa kimeshatoka. Tangu siku hiyo chembe zetu zinaitwa wapagazi, hata kwenye daftari la maabara, na nimeshindwa kuwakataza.

Wengine hufupisha safari kwa kudunga steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe. Utafiti uliochapishwa na JAMA, jarida la tiba la Marekani, mwaka 2017 ulifuatilia watu 140 wenye osteoathritisi ya goti kwa miaka 2. Nusu walidungwa triamsinoloni, steroidi mojawapo, kila wiki 12, nusu maji ya chumvi. Waliodungwa steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu hayakupishana kwa kiwango cha kuhesabika. Nimewasomea mara mbili.

Halafu tumefanya jaribio ambalo nimelipenda kuliko yote, na halikutugharimu zaidi ya goti la ng'ombe kutoka kwa muuza nyama. Tumelipasua, tukakata vipande vyembamba vya gegedu kwa wembe, tukaviosha. Vingine tumevitumbukiza kwenye safranini, rangi ile ile ya kupima bakteria kwa njia ya Gram. Vingine kwenye rangi nyingine, eosini. Tumeviacha, kisha tukaviosha kwa maji mengi. Vya eosini viliachia rangi karibu yote. Vya safranini vilibaki vyekundu, na tulipovikata katikati tukaona wekundu umezama ndani.

Safranini ina chaji chanya, eosini hasi. Gegedu limejaa molekuli za sukari zenye salfati, kondroitini salfati mojawapo, nazo zina chaji hasi tele. Ndizo zinazovuta maji na kulifanya gegedu lihimili uzito. Kwa hiyo chenye chaji chanya kinakaribishwa, chenye chaji hasi kinafukuzwa mlangoni. Lakini chaji haitoshi. Vitundu vya wavu ule ni vidogo kupita maelezo, nanomita chache tu kati ya sukari na sukari. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe ya nanomita 200 haiingii ndani ya gegedu zima hata uipake asali.

Nimemwona kijana mmoja, ambaye huwa anasinzia kipindi cha kemia, amekigeuza kile kipande chekundu mkononi hadi watu wote wameondoka.

Aprili

Mvua, barabara ya kuelekea chuoni ni tope, tumesoma zaidi ya kushika.

Maabara zenye uwezo zimeshafika mbali, na ni vizuri kujua wamefika wapi ili tusijidanganye. Mwaka 2008 kundi la mtafiti Jeffrey Hubbell lilichapisha kwenye jarida la Nature Materials chembe zilizovishwa kipande kifupi cha protini kinachong'ang'ania kolajeni ya aina ya pili, yaani protini ya nyuzi inayojenga gegedu. Walilinganisha chembe za nanomita 38 na za 96. Zile ndogo ziliingia gegeduni kwenye magoti ya panya na kulifanya ghala la dawa, zile kubwa zilikwama nje. Mwaka 2018 kundi la Paula Hammond pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, lilitumia dendrima, molekuli yenye matawi kama mti, yenye chaji chanya iliyopunguzwa makusudi kwa kuvishwa polima, molekuli ndefu kama mnyororo. Walipandikiza juu yake IGF-1, protini inayochochea seli za gegedu. Ilipenya gegedu la ng'ombe lenye unene kama la binadamu ndani ya siku 2, na kwenye goti la panya dawa ilidumu hadi siku 30.

Panya, lakini. Gegedu la panya ni jembamba kama karatasi, na panya hafuati maji kisimani.

Kilichofika kwa wagonjwa ni kikubwa kuliko nano: Zilretta, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2017, ni triamsinoloni miligramu 32 ndani ya vijipira vya polima ya PLGA ambavyo huyeyuka taratibu gotini. Vijipira hivyo vina makumi ya maikromita, yaani ni mara mamia ya chembe ninazozizungumzia. Haviingii gegeduni; vinakaa tu kwenye kiungo na kuachia dawa polepole. Mimi naiona kama onyo kwa wanaopenda neno nano kwa sababu ya utamu wake. Ukubwa unachaguliwa kwa kazi. Ukitaka kuingia gegedu nene la mtu, nenda chini ya nanomita 15 au hivyo. Ukitaka kudumu kwenye majimaji bila kusombwa, kubwa ni bora.

Na kwa nini sisi hatudungi? Kwa sababu cha kuingia ndani ya kiungo lazima kiwe safi kabisa, bila bakteria wala mabaki yao. Bakteria wakiingia gotini wanaweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu, kazi ambayo osteoathritisi huifanya kwa miaka. Maabara yetu ina sinki moja na kiyoyozi kinachochagua siku ya kufanya kazi. Ngozi inasamehe zaidi.

Mei

Nta imefika. Mzee wetu wa Sikonge ameileta mwenyewe kwenye kiroba, ameshuka na basi la mapema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii nimeikamua mwenyewe, haijakutana na mtu."

Alimaanisha haikuchanganywa. Nta ya mizinga ya magome ina historia: masega yanachemshwa, yanakamuliwa kwenye gunia, na ikiwa moto ni mkali inaungua na kuwa na rangi ya kahawa iliyochacha. Hii ni ya manjano iliyokolea, inanukia moshi kidogo. Tumeiyeyusha juu ya maji moto, tukaichuja kwa kitambaa cha shuka, tukaiacha igande, tukakwangua uchafu wa chini, tukarudia mpaka maji yakabaki meupe. Kipimo cha haraka ni joto la kuyeyuka: nta safi ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ikiyeyuka chini sana ya hapo, kuna mtu ameongeza mafuta au mshumaa. Ya mzee imeyeyuka mahali pake.

Ameuliza tutamlipa nini dawa ikianza kuuzwa. Nimemwambia ukweli, kwamba kuuza ni mbali, na nta hii tunainunua leo kwa bei ya leo. Amekubali, ila kwa uso wa mtu aliyewahi kusikia hayo kwenye tumbaku.

Juni

Asubuhi baridi kali ya kipupwe, nzuri kwa kazi yetu maana tunahitaji maji ya baridi.

Njia tunayotumia inatokana na kazi ya Mwitalia Maria Rosa Gasco, miaka ya mwanzo ya 1990. Wakati huohuo Mjerumani Rainer Müller alikuwa anatengeneza chembe kama hizo kwa mashine ya kusukuma kwa shinikizo kubwa, ambayo hatuna. Kwa Gasco unahitaji jiko, kikorogeo cha sumaku, kipimajoto na barafu. Unayeyusha nta kwenye nyuzi 70 au zaidi kidogo, unaongeza lesithini na polisobeti 80, yaani vile vitu vinavyoyapatanisha mafuta na maji, kisha maji moto kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ung'ae na kuwa wazi. Halafu unaudondoshea kwenye maji ya nyuzi 2 hadi 3, mengi mara 25 au zaidi, huku unakoroga. Matone ya nta yanaganda ghafla kabla hayajapata nafasi ya kuungana.

Kazi ngumu iko kwenye dawa. Diklofenaki ya dukani ni chumvi ya sodiamu, na chumvi hupenda maji. Ukiiweka kwenye nta inatoroka wakati wa kugandisha. Kwa hiyo tunaigeuza kwanza iwe asidi: tunaiyeyusha, tunaongeza ukali wa asidi (tunashusha pH), inajitenga kama unga mweupe, tunauchuja na kuukausha. Asidi ya diklofenaki inapenda mafuta na inakaa ndani ya nta kwa hiari.

Hata hivyo nta tupu haikai nayo muda mrefu. Nta ikishaganda inajipanga vizuri, fuwele safi bila nafasi, na kila kisichokuwa nta kinasukumwa nje. Siku chache baada ya kugandisha tumeona kwenye hadubini sindano nyembamba za dawa zinaelea. Dawa ya tatizo hili inajulikana: ongeza mafuta ya maji kwenye nta ili fuwele ziwe na kasoro, na kwenye kasoro hizo dawa inapata pa kulala. Tumeweka mafuta ya alizeti ya Singida, kwa sababu yapo na ni ya bei nafuu. Sindano zimepotea.

Wakati wa kusubiri igande tumekula michembe na karanga kwenye korido. Chakula hakiingii maabara, hilo halina mjadala, hata kwa wageni.

Julai

Tumejaribu mwanga. Ukimulika taa ya leza kwenye glasi ya maji safi huoni mstari. Ukimulika kwenye chembe zetu unaona njia nyekundu iliyonyooka. Kundi zuri lina rangi ya samawati hafifu ukiliangalia upande. Kundi baya ni jeupe kama maziwa. Inapendeza, na wageni hupiga picha, lakini leza haipimi ukubwa. Sampuli zimepanda basi kwenda Dar es Salaam kwenye maabara yenye mashine ya kupima chembe kwa mtawanyiko wa mwanga.

Jibu limerudi: ukubwa upo ndani ya upeo wa nano tuliouhitaji, ila hazilingani. Kuna wadogo na kuna mabonge. Naamini ni mwendo wa kudondosha. Mkono wa mtu hauwezi kufanana na mkono wake wa dakika iliyopita. Fundi wa vifaa anatengeneza kidondoshi kwa dripu ya hospitali iliyokwisha muda, na kusema kweli ndilo wazo bora la mwezi.

Kupima upenyaji tunatumia seli ya Franz, kifaa cha kioo kilichobuniwa na Thomas Franz mwaka 1975: juu jeli, katikati ngozi, chini maji ya bafa, yaani yasiyobadilika ukali wa asidi, yenye pH 7.4, na joto la nje ya ngozi likiwa nyuzi 32. Kila baada ya muda unachota maji ya chini na kusoma diklofenaki kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaonyonywa, kwenye mwanga wa nanomita 276. Ngozi inayofanana zaidi na ya mtu ni ya sikio la nguruwe, na wauza kitimoto hawakosi masikio. Dada wa maabara ni Mwislamu, hashiki. Tumegawana: mimi nakata na kufunga ngozi, yeye anasoma mashine. Usomaji wake ni mzuri kuliko wangu, kwa hiyo mradi umefaidika.

Matokeo ya awali: jeli ya kawaida inatoa kwa kasi mwanzoni kisha inachoka. Yetu inaanza pole na kuendelea, na tukiisaga ngozi baada ya jaribio tunakuta dawa nyingi zaidi imebaki ndani yake. Wanafunzi wamepiga makofi. Mimi nimeandika kwenye daftari kwamba sikio la nguruwe halina mishipa inayotembeza damu, halitoki jasho na halijawahi kupanda mlima na ndoo. Na chembe zenyewe hazivuki ngozi kwenda gotini. Zinakaa juu, zinatanda kama utando mwembamba, zinajificha kwenye vitundu vya vinyweleo, na kutoka hapo dawa inavuja yenyewe kwenda chini.

Agosti

Habari zimetoka. Sijui zilipitia wapi, ila Jumatatu wamekuja kina mama watatu na bibi mmoja mwenye mkongojo.

"Mwalimu, nimeambiwa mna mafuta ya nyuki ya magoti. Nipakeni tu, mimi ni mzee, hata yakiniua sijapungukiwa."

"Bibi, hayajaruhusiwa kupakwa mtu."

"Anayeruhusu ni nani?"

Nimemweleza kuhusu kamati ya maadili ya utafiti ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kuhusu TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ameguna. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama nano ni ile ya kuwekewa chipu. Hili nalo nimelijibu: chanjo za Pfizer na Moderna zilibebwa ndani ya chembe nano za lipidi, mafuta tu, kama hii nta, na mwaka 1995 Marekani walishaidhinisha dawa ya saratani ndani ya liposomu, vijipovu vya mafuta. Akacheka, akasema basi yeye ameshabeba wapagazi mwilini bila kulipwa.

Mtaalamu wa fiziotherapia amewachukua, na nafikiri wamepata zaidi kwake kuliko ambavyo wangepata kwangu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, wa mwaka 2022 unaweka mazoezi mbele kwa osteoathritisi, na kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa. Kwa goti, dawa ya kupaka ya kundi hili la diklofenaki huanza kabla ya vidonge. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, haipendekezwi. Wala sindano za hayaluroniki, zile zinazotangazwa kama ute mpya. Amewafundisha kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu mpaka paja likaze, kuhesabu, kushusha. Bibi amefanya huku akilalamika kwamba alikuja kupakwa, si kuchezeshwa kwata.

Nimewaandikia pia jina la jeli ya diklofenaki ya famasi ya kawaida. Hilo liliudhi kidogo timu yangu. Lakini goti la leo linauma leo, na jeli ile imepimwa kwa watu, yetu bado.

Oktoba

Joto la Tabora limefika. Hiki ndicho kipimo nilichokuwa nakisubiri, kwa sababu dawa isiyostahimili Oktoba ya hapa haina kazi kwenye zahanati ya Kaliua isiyo na friji.

Tumeacha chupa za kila kundi kwenye rafu karibu na dirisha la magharibi. Kundi lenye polisobeti kidogo limejitenga, maji chini na ukoko juu. La nta tupu limeota sindano tena, kama tulivyotarajia. La nta na alizeti limesimama, halijajitenga, leza inaonyesha mstari ule ule. Ila lina harufu. Ukifungua kifuniko unakutana na mafuta ya kukaangia yaliyolala. Alizeti ina asidi ya linoleiki nyingi, na asidi hiyo inaoza haraka ikipata hewa na joto. Mgonjwa hatapaka kitu chenye harufu hiyo kwenye goti kisha aketi kanisani au kwenye harusi, na hata angepaka, mafuta yaliyooza yanaweza kuwasha ngozi.

Njia mbili ziko mezani. Ya kwanza ni kubaki na alizeti na kuongeza vitamini E. Ya pili ni mafuta ya nyonyo, ambayo yanastahimili hewa zaidi na yanapatikana, ingawa ni mazito na yatabadilisha kila kipimo cha kukoroga. Dada wa maabara anataka ya kwanza kwa sababu hatutaanza upya. Mimi nataka zote mbili sambamba, chupa kwa chupa, kidondoshi kile kile, rafu ile ile, na safari hii tufunge nusu ya chupa kwenye karatasi ya foili ili tujue mwanga unachangia kiasi gani. Tumekubaliana zote mbili. Fomu ya kamati ya maadili imejazwa mpaka ukurasa wa hatari kwa mshiriki. Huo utasubiri mpaka tujue mafuta yapi yanaingia. Nta ya mzee imebaki robo kiroba, inatosha.